MFANO WA MELI GÖTZEN NA MZINGA WAKE WA MTI

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Meli ya Liemba yajulikana sana katika mkoa wetu. Wenzetu watokao Kasanga, Kipili na Kirando waliiona tangu utotoni ikipita ziwani, na wazee wao waliisafiria kwenda Kigoma upande wa kaskazini au Mpulungu upande wa kusini. Walakini wengi hapa shuleni walikuwa hawajui kwamba meli ile ile, ilipotiwa majini mara ya kwanza mwaka 1915, iliitwa Graf von Götzen, na kwamba ilikuwa na mzinga kwenye omo na askari juu yake. Muhula huu nimetengeneza mfano wake wa plastiki, ambao sasa uko juu ya kabati la chumba cha Fizikia hapa kwetu Katandala. Mwalimu wetu wa Hisabati ameniambia niandike jinsi ulivyotengenezwa, kwa kuwa kazi yenyewe, kwa maneno yake, ni "kugawanya tu, bila huruma". Nami naandika hasa kwa ajili ya ndugu zangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, ambao wana nafasi kuliko sisi tunaoungojea mtihani.

Yafaa kwanza tutofautishe mfano wa skeli na kitu cha kuchezea. Mtoto akichonga gari la mti huweka magurudumu makubwa, maana magurudumu ndiyo ayapendayo. Si kosa, gari lake laenda vizuri. Lakini mfano wa skeli hauna kipenzi. Kila urefu wa kitu halisi hugawanywa kwa namba moja tu, kile ukipendacho na kile usichokipenda. Mimi nimechagua namba 200. Meli ilikuwa na urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10 hivi. Mita 71 ni sentimita 7,100. Ukigawanya kwa 200 wapata sentimita 35.5. Upana wapata sentimita 5. Mtu mzima wa mita 1 na sentimita 70 huwa milimita 8 na nusu, yaani kama punje ya mpunga iliyosimama.

Ukitaka kuonja nguvu ya namba hiyo, igawanye na nchi pia. Ziwa Tanganyika lina urefu upatao kilomita 670. Kwa skeli ya 1:200 lingekuwa na urefu wa kilomita 3 na zaidi, na meli yetu ya sentimita 35 ingekuwa inasafiri humo. Kina cha ziwa, ambacho mahali pengine chapita mita 1,400, kingekuwa mita 7. Na sisi wa Sumbawanga, tulioinuka juu ya ziwa kwa kiasi cha mita 1,000, tungekuwa tumekaa juu ya ukuta wa mita 5 tukiichungulia meli chini. Aliyepata kuteremka kwa lori kutoka Ufipa kwenda Kasanga atakubali kwamba hesabu hii si mchezo.

Sasa maneno machache juu ya meli yenyewe, maana huwezi kuunda usichokijua. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani. Ilipokwisha kuungwa ikafunguliwa tena, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam. Kutoka huko ikapanda Reli ya Kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwezi wa Februari 1914, safari ya kilomita zaidi ya 1,200. Mafundi watatu walitoka Papenburg kuja kuiunga tena, nao wakafanya kazi pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua Waafrika wengi zaidi. Ikatiwa majini tarehe 5 Februari 1915. Jina lake lilikuwa la Gustav Adolf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Wajerumani katika nchi hii toka 1901 mpaka 1906.

Katika mabweni nimesikia ikiitwa "manowari kubwa ya Wadachi". Hapo ndipo kugawanya kunaposaidia kuliko kubishana. Manowari halisi ya zama zile, kama Dreadnought ya Waingereza ya mwaka 1906, ilikuwa na urefu wa mita 160 na mizinga mikubwa 10, kila mmoja na mdomo wa sentimita 30. Kwa skeli yangu ingekuwa na sentimita 80. Königsberg, meli ya vita ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilikuwa na urefu wa mita 115. Ingekuwa na sentimita 57 na nusu. Ukiziweka tatu pamoja mezani, Götzen yaonekana ilivyokuwa kweli: meli ya abiria na mizigo iliyopewa mzinga. Lakini katika ziwa hakuna aliyeweza kuleta Dreadnought. Vile vyombo viwili vya Waingereza, Mimi na Toutou, vilivyoletwa kutoka Afrika ya Kusini kwa reli na kwa kukokotwa juu ya milima ya Kongo mwaka 1915, vilikuwa na futi 40 tu kila kimoja. Kwa skeli yangu ni sentimita 6. Nimevichonga hivyo viwili vilevile, na kila anayeviona karibu na Götzen hucheka. Hata hivyo ndivyo vilivyoiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na mwaka uliofuata, tarehe 9 Februari, Waingereza wakaizamisha Hedwig von Wissmann.

Basi tuje kwenye kazi. Katika nchi nyingine mtu hununua sanduku lenye vipande vya plastiki vilivyokwisha kutengenezwa dukani, pamoja na karatasi ya maelezo, naye kazi yake ni kugandisha. Hapa kwetu sanduku la namna hiyo halipatikani, na hata likipatikana, meli ya ziwa letu haimo. Kwa hiyo vifaa vyangu vimetoka katika takataka za mafundi bomba na katika jalala la shule.

Plastiki ni za aina nyingi, na kosa la watu wengi ni kuzichanganya. Dumu la mafuta na ndoo havikubali gundi. Utapaka leo, kesho kipande kimebanduka. Bomba jeupe au la kijivu la mafundi wa maji hukubali gundi vizuri sana. Njia rahisi ya kuzitambua ni hii: kata kipande kidogo kama ukucha, kitie katika bilauri ya maji. Kipande cha dumu huelea. Kipande cha bomba la PVC huzama. Kinachozama ndicho chetu.

Bomba ni duara, nasi twataka ubao. Lipasue kwa msumeno kwa urefu wake, upande mmoja tu, kisha litie katika maji ya moto. Plastiki hii huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi za sentigredi. Hapa kwetu Sumbawanga, kwa sababu ya mwinuko wa mita 1,800, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Lakini bado yatosha. Likilegea, litoe kwa koleo, likunjue juu ya ubao ulionyooka, weka ubao wa pili juu yake, na juu ya ubao weka matofali mpaka lipoe. Utapata bapa zuri kama karatasi nene. Nawasihi wadogo zangu wasiweke bomba juu ya mkaa au ndimi za moto. Moshi wa plastiki hii una asidi, hudhuru mapafu na macho. Mababu zetu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu kupita kimo cha mtu, nao walijua kukaa upande upepo utokako.

Kabla ya kukata kitu nilipiga hesabu ya uzito, na hii ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote. Urefu hugawanywa kwa 200. Eneo hugawanywa kwa 200 mara 200, yaani 40,000. Ujazo hugawanywa kwa 200 mara tatu, yaani 8,000,000. Meli ikielea, uzito wake ni sawa na uzito wa maji inayoyasukuma, na hayo maji ni ujazo. Vitabu vyataja tani 1,575. Hizo ni kilo 1,575,000. Gawanya kwa 8,000,000, wapata kilo 0.197. Kwa hiyo mfano wangu, ili uelee kwenye mstari wake wa maji kama Götzen ilivyoelea, hauna budi kuwa na gramu 197. Ukipungua utapanda juu kama bata, ukizidi utazama mpaka kwenye madirisha.

Nilikuwa na mabomba ya aina mbili, moja lenye unene wa milimita 3 na jingine la milimita 1.5. Nilipima kipande kwa mizani ya maabara na kwa silinda ya maji, nikaona kila sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.4. Vipande vyote vya kiwiliwili cha meli, yaani mbavu, chini na sitaha, nilivichora kwanza katika karatasi za miraba, nikahesabu sentimita 500 za mraba. Kwa bomba nene: 500 mara 0.3 ni 150, mara 1.4 ni gramu 210. Meli ingekuwa imepita uzito wake hata kabla haijapata dohani wala chumba cha nahodha. Kwa bomba jembamba ni gramu 105, zabaki 92. Basi bomba nene likarudi kwa fundi, ambaye alilifurahia.

Vipimo vya sehemu za juu nilivipata katika picha. Chagua picha iliyopigwa ubavuni kabisa; ile iliyopigwa kwa mshazari hudanganya, maana upande wa mbali huonekana mfupi. Katika nakala yangu meli ilikuwa na sentimita 14.2 toka omo mpaka tezi. Mita 71 kugawanya kwa 14.2 ni 5, kwa hiyo kila sentimita ya picha ni mita 5 za meli, na mita 5 za meli ni sentimita 2.5 za mfano. Tangu hapo unapima kwa rula, unazidisha kwa 2.5, unakata. Dohani, milingoti, vyumba vya sitahani, vyote hupatikana hivyo, bila kuuliza mtu.

Kiwiliwili huanza na mkuku, kipande kirefu cha chini, na juu yake mataruma. Mimi nimeweka mataruma 11, yaliyo mapana katikati na membamba kuelekea omo na tezi. Juu ya mataruma nimekunja mbavu mbili baada ya kuzilegeza katika maji ya moto. Gundi ni ile ya mafundi bomba. Hiyo haigandishi kama ugali ushikavyo sufuria. Huyeyusha ngozi ya vipande viwili vikawa kimoja, na ikikauka hupati tena pa kubandulia. Kwa hiyo shikiza kwanza kwa vibanio vya nguo, tazama mara mbili, ndipo upake. Paka nje ya chumba au madirisha yakiwa wazi, maana harufu yake hupandisha kichwa. Mianya nimeijaza kwa vumbi la msumeno wa plastiki lililochanganywa na gundi hiyo hiyo, kisha nikapiga msasa.

Dohani ni kipande cha kalamu nene ya kuandikia ubaoni. Milingoti ni spoku za baiskeli. Mashua za kuokolea zimechongwa katika mipini ya miswaki mikuukuu, ambayo niliichemsha kwanza, maana wenzangu walitia shaka. Madirisha ya duara yametobolewa kwa sindano. Rangi sikupaka, bomba lenyewe ni la kijivu, na picha za mwaka 1915 ni za weusi na weupe, nami sikutaka kubuni.

Ikabaki mizinga, na hapo mwalimu wetu wa Historia akaniuliza swali lililonikalisha wiki nzima. "Mfano wako huu ni wa mwaka gani?" Nikajibu, ni wa Götzen. Akasema, "Sikukuuliza jina. Mtu ana picha ya ubatizo, ya harusi na ya uzee, wala hazifanani. Mwaka gani?"

Neno lake ni kweli. Mwaka 1915 meli ilipewa mzinga wa sentimita 10.5 uliotolewa katika Königsberg, baada ya meli ile kuharibiwa katika mdomo wa mto Rufiji tarehe 11 Julai mwaka huo. Mwaka 1927 ilikuwa Liemba, haina mzinga. Na katikati, mwaka 1916, kuna hali ya tatu. Wajerumani walikuwa wanashindwa barani, na majeshi yao yalihitaji mizinga. Mzinga wa kweli wa Götzen uliondolewa ukapelekwa nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa mti, ili aionaye meli kwa mbali asijue kwamba meno yamekwisha ng'olewa.

Nilipoyasoma hayo nikakumbuka habari ya Kasanga. Zamani za Wajerumani Kasanga iliitwa Bismarckburg, na ngome yao ilikuwa pale juu ya maji. Magofu yake hata leo yapo. Mapema mwezi wa Juni 1916 Waingereza waliikaribia kwa pande mbili, askari wa miguu kutoka upande wa Rhodesia ya Kaskazini, na vyombo vya Spicer-Simson kwa upande wa ziwa. Kazi ya vyombo ilikuwa kufunga njia ya maji. Spicer-Simson akaitazama ngome, akaona midomo ya mizinga imemwelekea, akageuza vyombo akaenda zake Kituta. Basi Wajerumani wakatoka kwa majahazi yao usiku, wakaokoka. Askari wa miguu walipoingia ngomeni tarehe 8 Juni wakakuta ile mizinga ni ya mti.

Nawaomba wasomaji wafikiri kidogo juu ya jambo hili. Mzinga wa mti nao ni mfano. Ni mfano wa skeli ya moja kwa moja, haukugawanywa kwa kitu. Umbo lake ni sawa, urefu wake ni sawa, ila hauna kazi ya mzinga. Na mfano huo, hapa hapa katika mkoa wetu, uligeuza vyombo vya vita vya kweli na kuwafungulia njia askari wa kweli. Mtu aliyechonga gogo lile alijua vipimo. Angalifanya mdomo mnene mno, kama mtoto na magurudumu yake, Mwingereza na darubini yake angalicheka tu.

Kwa hiyo nikakata shauri: mfano wangu ni wa Götzen ya Juni 1916, na mzinga wake utakuwa wa mti. Mwili wote wa meli ni plastiki, kitu kimoja tu ni mti. Bomba la mzinga wa sentimita 10.5 lilikuwa na urefu wa mita 4.2, kwa skeli ni milimita 21. Nimechukua kijiti cha kuchokolea meno, nikakikwangua kwa wembe mpaka kikawa chembamba, nikakikata. Ni dakika 10 za kazi katika kazi ya wiki 7.

Bwenini ikatokea vita kubwa kuliko ya Kigoma. Mwenzangu mmoja mtu wa Kasanga alinijia juu. "Ndugu yangu, Siku ya Wazazi inakuja. Wewe una gundi, una plastiki, halafu unatuwekea kijiti! Watasema vifaa vimekuisha. Tena meli ile ni yetu, mbona unaivua nguo?" Nikamwambia kwamba meli ile haikuwa yetu mwaka 1916. Watu wa ziwa waliipata baadaye, siku ilipokuwa na nafasi ya magunia ya mahindi na dagaa na bibi harusi. Akasema, "Hata hivyo unawaonyesha wazazi uongo." Nikajibu, "Si uongo wangu. Ni wa Wajerumani, mimi nimeupunguza mara 200 tu." Hakuridhika, na mpaka leo husema angeweka spoku.

Maneno ya mwenzangu mwingine yalikuwa mazito zaidi, nayo sikuwa na jibu la kumrudishia. Yeye alizaliwa katika ukoo ambao mzee wao mmoja alichukuliwa kuwa mpagazi wa vita vile, akaenda asirudi. Aliutazama mfano kimya, kisha akauliza, "Watu wako wapi?" Kweli, hapakuwa na mtu hata mmoja. Nilikuwa nimehesabu mita na tani, nimehesabu hata madirisha. Mzigo wa mpagazi kwa desturi ya zama zile ulikuwa ratili 60, kilo 27. Kama uzito wote wa Götzen ungebebwa kichwani, ni mizigo 58,000 na ushei. Reli iliwaondolea watu mzigo huo mmoja, lakini vita vikawatwika mingine isiyohesabika. Waafrika waliokufa katika upagazi ule, pande zote mbili, huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawana kaburi lenye jina.

Usiku ule ule nilianza kutengeneza watu. Kila mmoja ni milimita 8 na nusu, amekatwa katika mrija wa wino wa kalamu, na kichwa chake ni tone la gundi. Nimefanya 24. Wanne wako sitahani. Waliobaki 20 hawamo melini; wako juu ya ubao uliofungwa pembeni kuwa gati, wengine wamejitwika, wengine wanavuta kamba. Mkuu wa chumba cha Fizikia aliona wameharibu usafi wa kazi. Mimi naona kwamba bila wao mtu hajui meli ni kubwa kiasi gani. Weka kidole karibu na mmoja wao, kisha tazama ubavu wa meli ulivyompanda juu.

Mwisho wa meli wastahili kutajwa, maana ndio uliotupa Liemba. Tarehe 26 Julai 1916, walipokuwa wakiikimbia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka mashine zake grisi nyingi, kama mtu azikaye mbegu. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena katika dhoruba. Waingereza wakaiinua mwezi wa Machi 1924, wakakuta mashine na majiko bado vyafaa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini ya ziwa mwaka 1867 likiwa jina la maji yenyewe. Mashine za mvuke zilikuja kubadilishwa kwa dizeli miaka ya 1970. Watu wa ziwa wameipanda vizazi na vizazi, na wengi wao hawakupata kujua kwamba sakafu ile ilikanyagwa na askari.

Kwa wale watakaojaribu, nawapa mambo ya mwisho. Kiwiliwili changu kilipokauka kilikuwa na gramu 107, mbili zaidi ya hesabu, nadhani kwa sababu ya gundi. Sehemu za juu, pamoja na watu wanne na kijiti, zilikuwa gramu 48. Zikabaki 42 za farumi, nazo nimezijaza kwa misumari iliyokatwa, nikaigandisha chini kabisa juu ya mkuku, maana farumi ikikaa juu meli hulala ubavu. Jaribio tulilifanya katika karai la kufulia. Mstari wa maji nilikuwa nimeuchora kwa penseli kabla. Maji yalifika kwenye mstari kwa upande wa tezi, na kwa omo yalipungua milimita 1. Nikasogeza misumari mitatu mbele, yakalingana.

Michoro yote iko katika daftari lililofungwa kwa uzi kabatini, chini ya mfano. Anayetaka meli kubwa zaidi, ya skeli ya 1:100, asizidishe uzito kwa mbili. Urefu utakuwa sentimita 71, lakini uzito utazidi mara 8, uwe kilo moja na nusu na zaidi. Hapo bomba la milimita 3 litafaa, na karai la kufulia halitatosha, itambidi aombe ruhusa ya tangi la bustani. Kijiti cha mzinga kiwe milimita 42.